Ulicheka Wapi?

Mtu wa kwanza kumpiga Daktari mbele ya macho yangu alikuwa mama wa kanisa, na alimpiga kwa kikapu cha majani chai kilichojaa. Kikapu kilichojaa si mchezo. Kilimpata shingoni, akaanguka juu ya meza ya kuchambulia, majani yakamfunika, na yule mama akamfuata pale pale kwa ngumi. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tuligawanyika. Nusu tulimvuta mama, nusu wakamshika Daktari ili mama ampate vizuri. Alipotoka chini ya yale majani, damu ikimchuruzika puani, alipangusa uso kwa mkono wa shati, akamtazama yule mama kwa heshima na kusema, "Mama, wewe umesoma mpaka chini." Akaongezwa kofi.

Kila mtu alimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari wa watu, na kusema kweli hata wa ng'ombe hakuwa kamili. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Ukiona ng'ombe wako analia bila sababu na kuwarukia wenzake, unampigia simu, naye anakuja na pikipiki, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma kwa mpira. Anavaa glavu ya plastiki inayofika begani, anaingiza mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe mpaka karibu na kwapa, na kwa mkono wa kulia anasukuma kile kijibomba chembamba chenye mbegu. Alikuwa akisema mkono wa kushoto ndio unaoona, wa kulia ni kipofu anayeongozwa. Nusu ya ndama wa huku juu ya Kedowa walianzia kwenye ule mkono.

Wengi wanamkumbuka kwa maneno yake. Mimi namkumbuka kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ulivunjwa, na mimi nina sehemu yangu katika kuvunjwa kwake. Nitafika huko. Sikimbii.

Mimi ni karani wa kituo cha majani. Napima, nakataa majani yaliyokomaa, natukanwa. Kidole gumba changu cha kushoto kilibanwa na ndoano ya mizani miaka mingi iliyopita, na ukucha ukaota umepinda. Kukaa pale ni kungoja lori, na lori la majani likichelewa, wakulima mia wanasimama na vikapu vyao bila la kufanya. Hapo ndipo Daktari alipopata wasomaji. Kila Jumatano alibandika karatasi yake kwenye ubao wetu wa matangazo, kati ya tangazo la mbolea na tangazo la harambee ya mtu aliyekufa.

Aliandika nyuma ya kalenda za mwaka uliopita, zile pana za ukutani, kwa kalamu nyekundu. Juu aliweka maneno yake ya wiki hiyo kuhusu siasa. Katikati aliacha nafasi kubwa tupu, na penseli ikaning'inia hapo kwa uzi wa katani. "Nafasi ya katikati ni yenu," alisema. "Nitukaneni, lakini kwa mwandiko mzuri." Kisha chini kabisa, baada ya ile nafasi, aliandika mstari mmoja wa mwisho. Sisi wa kituo tulijua kwamba mstari wa chini ndio wenye meno, na mara nyingi meno yale yalimuuma yeye mwenyewe. Mtu mgeni asiyejua utaratibu aliishia juu, akacheka au akakasirika bure.

Nitoe mfano. Barabara yetu ilipoahidiwa lami na mbunge wetu, aliandika: "Mheshimiwa ametuletea barabara. Tumeiona kwenye simu, ni nzuri sana. Sasa tunaomba aitoe kwenye simu." Mzee mmoja alipozikwa, na Mheshimiwa akalia pale kaburini kuliko wenye msiba, Daktari aliandika: "Mjane alimwonea huruma akamwazima kitambaa chake. Mpaka leo hajakirudisha." Mstari wa chini siku hiyo ulisema, "Mimi pia nililia, nilikuwa nimesimama karibu na kamera." Nilicheka nikashindwa kusoma mizani, mkulima mmoja akanishika kola akidhani namwibia.

Penseli ile ilifanya kazi. "Hahaha, kweli tupu." Chini yake, "Msaliti wewe, nyumba yako tunaijua." Chini yake, kwa mwandiko wa tatu, "Na yako tunaijua." Halafu, "Njoo basi." Majibizano yalianza kwenye karatasi na kuishia mtaroni. Nimeona mtu akigongwa kichwa kwenye nguzo ya kituo kwa sababu aliandika "hahaha" chini ya neno la mwenzake. Watu wa kucheka walimwona Daktari kama mkombozi, watu wa kukasirika walimwona kama mtu aliyelipwa na upande mwingine, na wote wawili walifika Jumatano mapema kuliko siku nyingine yoyote.

Wa mapema kuliko wote alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya kituo. Huyu alimpenda Mheshimiwa hasa. Picha ya Mheshimiwa sebuleni kwake iko juu ya picha ya harusi yake mwenyewe, na mke wake ameshazoea. Alisoma karatasi kwa kidole, midomo ikitembea, neno kwa neno, mpaka mstari wa chini, na kadiri alivyoshuka ndivyo mishipa ya shingo ilivyotoka. Jumatano moja alibandua karatasi nzima, akaikunja, akaita vijana wawili wamshike Daktari, akamwambia, "Leo utakula hii maneno yako." Akambana taya kwa vidole na kumsukumia karatasi mdomoni. Hakuna aliyeingilia. Nilipiga kelele, lakini kelele si kitu. Daktari alitafuna, akakohoa, akatafuna tena, macho yamejaa maji, mpaka ikaisha. Alipoachiliwa alitema kipande cha mwisho mkononi, akakiangalia.

"Wino mwekundu ni mchungu," akasema. "Wiki ijayo nitatumia wa bluu."

Na kweli wiki iliyofuata alitumia wa bluu. Lakini sijamaliza. Jioni ya siku ile ile, ng'ombe wa Mwenyekiti alianza kulia. Kila mfugaji wa huku anajua: akilia asubuhi anapandishwa jioni, akilia jioni anapandishwa asubuhi, na ukipitisha unangoja wiki tatu. Mwenyekiti alizungukazunguka boma lake, akatukana peke yake, mwishowe akapiga simu. Daktari akaenda alfajiri. Alimpandisha yule ng'ombe na karatasi bado tumboni. Mwenyekiti kwa aibu akamtolea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na hapo ndipo walipokaribia kupigana mara ya pili, kwa sababu Daktari hanywi maziwa. Mtu wa ng'ombe, anakunywa chai mkandaa. Ukimuuliza anakwambia, "Nawajua sana hao." Mwenyekiti akaona amedharauliwa nyumbani kwake. Ilibidi mke wa Mwenyekiti akinywe kile kibuyu chote, amesimama katikati yao.

"Ng'ombe haisubiri mkutano," Daktari aliniambia kesho yake, taya imevimba. "Anaweza kunichukia mwezi mzima. Lakini ng'ombe yake ikilia, ananipenda kwa muda wa saa kumi na mbili."

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha marafiki zake. Ukimwendea ukiwa unacheka, ukamwambia karatasi ya leo ni moto, hakufurahi. Alikusogelea, akapunguza sauti, akakuuliza kama daktari wa kweli anavyouliza mgonjwa: "Ulicheka wapi?" Wengi walisema, "Yote tu, Daktari, umewamaliza." Naye aliondoka akiwa na huzuni kidogo. Lakini aliyemtukana alimfuata mpaka barabarani kujua ni neno gani lililomuuma. Aliniambia siku moja kwamba anayecheka husoma nusu, anayekasirika ndiye anayefika chini. Nilimwambia hiyo ni kiburi, kwamba sisi tunaocheka ndio tunaomkinga. Akanitazama. Ningeomba nisikumbuke vile alivyonitazama.

Kulikuwa na ndugu wawili, majirani zangu, wanaochuma chai shamba moja lililogawanywa kwa mstari wa mawe. Mdogo alicheka karatasi, mkubwa hakucheka. Mkubwa akamwambia, "Unachekelea mtu anatukana mtu wetu?" Mdogo akazidi kucheka, kama vijana wanavyofanya wakijua mwenzao amechemka. Mkubwa alikuwa ametoka kupogoa chai, panga la kupogoa liko mkononi. Akalirusha ubavuni mwa kichwa cha mdogo wake, na sikio likakatika nusu, likabaki linaning'inia. Damu ilirukia mizani yangu. Daktari, aliyekuwa akingoja kuona watu wanasemaje, alimlaza yule kijana kwenye meza ya majani, akatoa sindano na uzi wa ng'ombe kwenye begi lake, akamshona pale pale, watatu tumemkalia miguu. Akiwa katikati ya kushona, kijana anapiga mayowe, Daktari akainama karibu na lile sikio zima, na mimi nikasikia kwa masikio yangu:

"Ulicheka wapi?"

Nilitaka kumpiga mimi mwenyewe. Baadaye nilimuuliza kama haoni damu inayotoka kwa ajili ya maneno yake. Aliniambia anaiona. Akasema ataacha. Jumatano akabandika nyingine.

Na nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mwoga wa mbwa mpaka aliwaacha watu na ng'ombe wao wanaolia, eti mpaka mbwa afungwe. Alikuwa mbishi. Na jambo lililowashangaza waliolijua, ambao hawakuwa wengi, ni kwamba alimpigia kura Mheshimiwa yule yule, kila mara, bila kukosa. Nilipomshika kwa hilo alijikuna kichwa. "Sasa karani, ni mtu wetu," akasema. "Ningefanya nini?" Watu walimpiga kwa kudhani yuko upande mwingine. Hakuwahi kuwa upande mwingine hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma akaandika.

Sasa nije kwenye karatasi ya ndoo. Ilikuwa msimu wa mikutano, magari yenye vipaza sauti yanapita kila siku, na watu wamepata moto. Daktari akaandika:

"Ng'ombe akikupiga teke mara moja, unamfunga miguu. Akikupiga mara ya pili, unamuuza. Mheshimiwa ametupiga teke mara tatu, na kila mara tumeamka, tumejipangusa, tumemshikia ndoo. Maziwa hatujaona. Lakini ndoo yetu, jamani, inang'aa kwa kushikwa."

Kisha nafasi ya watu, ambayo ilijaa kabla ya saa nne, na sitarudia walichoandika. Kisha chini kabisa: "Na mimi nipo hapo hapo, nimeshika ndoo kwa mikono miwili. Kura zote tatu nilimpa."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye gunia. Niliona watu wetu wote wamepanga foleni na ndoo zao, na mimi mbele. Nikataka dada zangu wa grupu la simu la akina mama wa kanisa wacheke nami. Upepo ulikuwa unavuma, nikaibana karatasi kwa mkono wa kushoto, nikapiga picha kwa wa kulia. Lakini ningewezaje kutuma matusi yale kwa akina mama wa kanisa? Kulikuwa na neno pale katikati ambalo hata kwenye kilabu cha pombe wangekwambia ushushe sauti. Basi nikakata. Nikaacha yale ya juu, safi kabisa, nikatuma na vikaragosi vitano vya kucheka. Mstari wa chini ulikatwa pamoja na matusi, kwa sababu ulikuwa chini yake. Wala sikuufikiria. Nilijiona nimefanya adabu.

Ile picha ilitoka kwa akina mama ikaenda kwa waume, ikatoka kwa waume ikaenda nisikokujua. Siku ya tatu, alasiri, Mwenyekiti alimpigia Daktari simu kwamba ng'ombe wake analia tangu asubuhi. Daktari akapanda pikipiki. Kwenye ile barabara inayopita katikati ya shamba kubwa la chai, pale penye kalavati, vijana watano wenye pikipiki tatu walikuwa wamefunga njia. Hakuwajua hata mmoja. Haya nayasimulia kama alivyoyasema yeye, na kama Mwenyekiti alivyoyaona mwisho wake.

Walimwonyesha simu. "Si ni wewe uliandika hii? Unatuita sisi ng'ombe?"

Mtu mwingine yeyote angekana. Yeye akasema, "Hapana, vijana wangu. Ng'ombe anajua akichoka."

Hapo wakaanza. Walimpiga mateke ya mbavu mpaka akaingia chini ya pikipiki yake mwenyewe, wakamvuta, wakampiga tena. Mmoja alikuwa na mpini wa jembe. Huyo ndiye aliyesema wamuulize kwanza. "Mzee, unaandikanga na mkono gani?"

Na Daktari, amelala kifudifudi, mdomo umejaa mchanga, akasema, "Wa kushoto."

Wakaulaza mkono wa kushoto juu ya ukingo wa kalavati, mmoja akakanyaga kiganja, mwenye mpini akapiga. Pigo la kwanza halikuvunja. La pili halikuvunja. Mikono inayoingia ndani ya ng'ombe miaka ishirini huwa na misuli. La tatu lilivunja chini ya kiwiko, na la nne, ambalo halikuwa na haja yoyote, lilivunja kiwiko chenyewe.

Aliyewafukuza ni Mwenyekiti. Alikuwa amechoka kungoja, akatoka kwa miguu kuja kumtukana njiani. Alipoona, alikimbia na fimbo yake akipiga kelele, "Wacheni! Wajinga nyinyi! Huyo ni wetu wa kupiga!" Walimng'oa meno mawili ya mbele. Lakini wachumaji wa lile shamba walisikia, wakaanza kutoka kwenye chai na vikapu mgongoni, na wale vijana wakaondoka. Mwenyekiti alimbeba Daktari kwenye pikapu yake mpaka hospitali, wote wawili wakitapakaza damu kwenye kiti kimoja, na ng'ombe wa Mwenyekiti akapitisha muda wake bila mtu.

Mkono ulipona umepinda na mkavu, haunyooki wala haukunji vidole. Habari ya lile jibu lake ilipofika kituoni, watu waligawanyika upya, na mara hii si kwa upande wa siasa. Kuna waliosema ni mjanja, amewauzia mkono usioandika. Lakini Kogo wa kwa mawe, bibi mwenye ng'ombe mmoja tu duniani, alisimama katikati ya kituo akalia.

"Taktari ametuuza," akasema. "Hiyo mkono ya kushoto haikuwa yake peke yake. Ilikuwa yetu. Angewapatia hiyo ya kalamu. Kalamu inatupatia maziwa?"

Mtu mmoja akamjibu bibi vibaya, mjukuu wa bibi akamrukia, na siku ile walipigana watu wanane juu ya meza ya majani, waliocheka na waliokasirika wamechanganyika, wanapigania mkono. Mimi moyoni nilikuwa upande wa Kogo. Nilimkasirikia Daktari vibaya. Miaka yote alituambia kuandika ni kupitisha muda tu, ng'ombe ndiyo kazi. Alipoulizwa mara moja tu kwa dhati, alitoa kazi, akaficha mchezo.

Nami nilikuwa na la kwangu la kuficha. Mwenyekiti, akiwa na pengo jipya, alisimama mbele ya watu akasema, "Ile picha haikuwa na chini. Walisoma nusu. Ni mtu wa hapa alipiga, na nikimjua nitamkata na panga." Wakati huo nilikuwa nampimia majani yake mwenyewe. Nilirudia kupima mara tatu na nikaandika kitu nisichokijua. Sikulala vizuri kwa miezi mingi baada ya hapo. Kila nilipotaka kwenda kwa Daktari kusema, niliona lile panga, na zaidi ya panga niliona ule mkono, na nikageuka njiani.

Aliyenipeleka mwishowe ni mtamba wangu. Alikuwa amelia mara mbili, na mara zote yule mpandishaji mwingine, wa upande wa Chepseon, alichelewa. Jumapili moja asubuhi akalia mara ya tatu. Simu ya Chepseon haikushikwa. Nikaenda kwa Daktari nikiwa na nguo za kanisa. Nilimkuta nje, ameketi kwenye kigoda, kalenda juu ya mapaja, ameibana kwa ule mkono mkavu kama kwa jiwe, anaandika kwa wa kulia. Mtungi wa mbegu ulikuwa nyuma yake kwenye kivuli. Alikuwa bado anaujaza, wiki baada ya wiki, akisema labda mkono utarudi.

"Nimebaki na mmoja, karani," aliniambia. "Wewe unayo mingapi?"

"Miwili."

"Basi iko mitatu. Inatosha."

Jioni tulimfunga mtamba kwenye mti wa boma langu. Daktari alinivalisha glavu mwenyewe, akaivuta kwa meno mpaka begani. Akanielekeza nijipake sabuni, nikusanye vidole vyote pamoja, nisiogope. Mkono wangu wa kushoto ukaingia kwenye joto ambalo sikulitarajia. Mtamba alikaza, nikahisi mkono utakatika, machozi yakanitoka.

"Ngoja aache," akasema. "Yeye ataacha. Sasa tafuta kitu kigumu hapo chini, iko kama shingo ya kuku."

Nikaipata, ikateleza, nikaipata tena. Alikuwa amesimama ubavuni mwangu, bega lake limegusa langu, kile kijibomba kiko kwenye mkono wake wa kulia. Sijui kwa nini ilitoka wakati ule. Labda kwa sababu sikuweza kukimbia.

"Daktari, ile picha nilituma mimi."

"Najua. Usitoe mkono."

"Unajua?"

"Walinionyesha simu. Hiyo kucha yako ilikuwa hapo pembeni." Alisema kwa sauti ya kawaida, macho kwenye kazi. "Shika imara."

Nilishika. Nililia kwa sauti kama mtoto, na mtamba akageuza kichwa kutuangalia. Daktari aliacha niishe. Kisha akauliza, taratibu, vile vile kama alivyowauliza wengine wote.

"Ulicheka wapi?"

"Pale kwa ndoo," nikasema. "Niliona ni sisi wote. Niliona ni mimi, niko mbele."

Alishusha kijibomba kidogo. Nilidhani nimeharibu. Nilipogeuka nikaona anatabasamu na meno yote, yule mtu ambaye nilijua anahuzunika akisifiwa.

"Hapo ndipo nilicheka mimi, nikiandika," akasema. "Sasa usiachilie."

Akasukuma. Nilihisi ncha ya kijibomba ikipita katikati ya vidole vyangu, ikielekea nilikoielekeza, ikisukumwa na mkono wake ule ule wa kulia alioukana pale kalavatini. Akamaliza, akampiga mtamba kofi la mgongo, akasema tungoje wiki tatu tuone.

Wiki tatu zilipita, mtamba hakulia. Jumatano iliyofuata Daktari alibandika karatasi yake ya mwisho kabla hajahamia kwa binti yake upande wa Bomet. Ilimhusu Mheshimiwa na daraja alilozindua mahali pasipo na mto. Nafasi ya katikati ilijaa matusi kuliko siku zote, na mengine yalimhusu mama yake. Chini kabisa aliandika: "Karani wetu ana mkono mzuri wa kushoto. Ng'ombe zenu zikilia, muiteni. Kuna siku aliniharibia karatasi kwa mkono huo huo, lakini alicheka mahali pake."

Mwenyekiti alisoma kwa kidole mpaka chini. Akanitazama. Akasoma tena ule mstari. Mkono wake ulishuka kwenye panga lililokuwa kiunoni, ukakaa hapo, na mimi nikasimama nyuma ya mizani nikingoja. Kisha akashusha pumzi kupitia lile pengo lake, akasema ng'ombe wake ameanza kulia saa moja asubuhi, kwa hivyo nifike jioni, na nisichelewe.

Alipoondoka nilitoa simu. Nikaibana karatasi kwa kidole kile kile, nikapiga picha yote, maneno ya juu, na matusi yote, na mstari wa chini. Nikaituma kwa lile grupu la akina mama wa kanisa. Walinitoa kabla lori la majani halijafika.